Mdogo Wangu Alipotoka Jeshini: Mafunzo Niliyopata

Makanisani kwetu huku Tacoma, jimbo la Washington, kuna habari zinazotangazwa kwa vigelegele: fulani kapata uraia, binti wa fulani kamaliza uuguzi, kijana wa mama fulani kaapishwa jeshini. Kambi kubwa ya Lewis-McChord iko karibu nasi, na kijana mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujiunga. Anapata mshahara, bima, karo ya chuo, na njia ya uraia iliyo fupi kuliko ya wengine. Akimaliza utumishi na kuanza kunywa, hakuna anayetangaza.

Mdogo wangu aliendesha malori ya mizigo Afghanistan. Alirudi na viungo vyake vyote, tukachinja mbuzi. Miaka michache baada ya kuvua sare alikuwa haendi kazini, halali usiku, na hawezi kuvuka siku bila chupa. Mimi ni dada yake mkubwa. Kazi yangu ni kulea wazee zamu ya usiku, kwa hiyo hospitali hainitishi, lakini matibabu ya maveterani ni ulimwengu wenye sheria zake na lugha yake. Niliyojifunza nayaandikia kina dada na kina mama wenzangu, maana askari mwenyewe huenda asisome makala ya namna hii.

1. Mlevi wa kila siku hanyang'anywi chupa ghafla

Familia ilipoona sasa imetosha, wazo la kwanza lilikuwa lile tunalolijua sote: afungiwe chumbani, aombewe, atoke Jumatatu akiwa mtu mwingine. Shangazi alishafika jikoni kumwaga. Nilimzuia, kwa sababu kazini nimewahi kumwona mzee akipigwa na kifafa siku ya pili tu baada ya kukosa bia zake.

Sisi watu wa Mombasa tunaijua arosto. Tumewaona mateja wakigaragara kwa kukosa unga, wakitapika na kulowa jasho, kisha baada ya siku kadhaa wakainuka. Arosto ya heroini inatesa, ila ni nadra kumuua mtu ambaye hana maradhi mengine. Ya pombe ni habari nyingine. Ubongo wa mtu anayekunywa sana kila siku umezoea kutulizwa, na pombe ikikatika mara moja unachachamaa. Mikono huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuona wadudu ukutani, moyo unakwenda mbio, joto linapanda, na hapo mtu anaweza kufa. Vidonge vya jamii ya Valium, kwa aliyevizoea, vina hatari hiyohiyo.

Tulimpeleka hospitali. Walimpa dawa za kutuliza wakizipunguza siku hadi siku, vitamini B1, na maji ya mshipani. Baada ya siku chache mwili ulikuwa safi, na ndugu wakaanza kupanga ibada ya shukrani. Kusafisha mwili hakutibu uraibu. Aliyesafishwa akarudishwa sebuleni bila mpango mwingine huwa anakunywa tena kabla mwezi haujaandama.

Mpango mwingine upo, na sijui kwa nini watu wetu wengi hawajausikia: kuna dawa za kupunguza hamu ya pombe. Naltreksoni iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo tangu 1994. Ni kidonge cha kila siku, au sindano moja kwa mwezi kwa mtu ambaye hataaminika na vidonge. Ukinywa pombe ukiwa umeimeza hutaugua, ila ile raha unayoitafuta inapungua. Kuna pia akamprosati, na ile ya zamani, disulfiramu, ambayo ukichanganya na pombe unatapika hadi ujute. Mdogo wangu alichagua sindano. Alisema hataki kila asubuhi aamue upya.

2. Anza na mlango usio na sura ya hospitali

Alikataa katakata kwenda VA, idara ya serikali inayowahudumia maveterani. "Dada, wakishaniandika wazimu nimeandikwa," alisema. Nilimbembeleza, nikamtumia wajomba, hakunisikia.

Alichokubali ni kiofisi kilichokuwa kwenye jengo la maduka. Hakina wodi, na hakuna aliyevaa koti jeupe. Ofisi hizi zinaitwa Vet Center. Bunge la Marekani lilizianzisha mwaka 1979 kwa sababu askari waliotoka Vietnam hawakuwa na imani na hospitali za serikali, na leo ziko takriban 300. Huduma ni bure kwa aliyetumikia eneo la vita, na pia kwa mwanamke au mwanamume aliyedhalilishwa kingono akiwa jeshini, hata kama hakutia mguu vitani. Huhitaji kuwa umejisajili VA. Mafaili yao yanakaa peke yake, hayachanganywi na ya hospitali, na hayatolewi bila ruhusa yako isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Washauri wengi wenyewe ni maveterani.

Aliyempokea alikuwa mzee wa Vietnam. Siku hiyo hawakugusia pombe hata kidogo. Walizungumza kuhusu malori, matairi, na vumbi linavyoziba vichujio. Mdogo wangu akarudi wiki iliyofuata bila kusukumwa, na ilipita miezi kabla yeye mwenyewe hajasema, "Nafikiri niende kule VA."

Familia nayo inaruhusiwa kukaa na mshauri pale. Nilikwenda. Nilidhani nitafundishwa namna ya kumsaidia, kumbe saa nzima nilikuwa nalilia mambo yangu.

3. Kiwewe na ulevi hutibiwa pamoja

Kanuni ya zamani ilikuwa: acha pombe kwanza, kaa safi kwa miezi, ndipo tushughulikie majinamizi yako. Wako wahudumu ambao bado wanaishikilia, na tulikutana na mmoja. Tatizo ni kwamba mdogo wangu hakuwa anakunywa kwa starehe. Alikuwa ananunua usingizi usio na ndoto. Umwambie auache usingizi huo nusu mwaka kabla hujampa mwingine, atakuitikia vizuri kwa adabu, kisha humwoni tena. Miongozo ya sasa ya VA na wizara ya ulinzi inasema waziwazi kwamba uraibu si sababu ya kumnyima mtu tiba ya kiwewe.

Huku kila mtu anakiita kiwewe hicho PTSD: hatari imepita, ila mwili haujaambiwa. Kiliingia rasmi katika kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam na madaktari waliokuwa upande wao kupiga kelele kwa miaka. Kabla ya hapo, aliyerudi akiwa hivyo mara nyingi aliambiwa ana woga.

Nilidhani matibabu ni vidonge. Vidonge vipo, setralini, paroksetini na venlafaksini, lakini mwongozo wa 2023 unaitanguliza tiba ya mazungumzo, tena ya aina maalumu. Moja, aliyoibuni Patricia Resick, ni ya vikao 12 hivi. Mgonjwa anaandika anayoyaamini tangu tukio lile: kwamba ni kosa lake, kwamba hakuna wa kumwamini. Kisha wanayapima na mtaalamu moja baada ya jingine, ushahidi uko wapi. Nyingine ni ya Edna Foa. Mgonjwa anafumba macho anasimulia tukio kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Anajirekodi, anaisikiliza sauti yake nyumbani, na kati ya vikao anapewa kazi ya kurudi kidogo kidogo kwenye mambo anayoyakwepa. Ya tatu inaitwa EMDR, ambapo mtu hukumbuka huku macho yake yakifuata kidole au taa inayokwenda kushoto na kulia. Mimi ya kidole niliicheka kimoyomoyo, lakini mwongozo umeiweka daraja moja na zile mbili.

Yeye alichukua ya Foa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuendesha gari barabara kuu ya I-5 bila kuhama njia kila anapoona mfuko wa takataka ukingoni. Kule alikotoka, mfuko wa takataka ulikuwa na bomu. Nilikaa kiti cha abiria. Kila tulipokaribia daraja alikuwa anainua macho juu kutafuta mtu aliyeinama, na mimi nikajikuta natafuta pamoja naye. Tulipofika Olympia shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Tukanywa chai, tukarudi kwa barabara ileile.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zile za ulevi, na ndizo wiki ambazo wengi hukimbia. Anayeishi na mgonjwa aambiwe hilo mapema. Mimi niliambiwa, ndiyo maana alipovunja sahani sikudhani tiba imeshindwa. Na ile sindano ya mwezi ilikuwa inaendelea muda wote, kwa hiyo usiku ulipomzidia hamu ya chupa haikuwa na nguvu zilezile.

Kuhusu ndoto, kuna kisa cha huku kwetu ambacho nakipenda. Daktari Murray Raskind wa VA ya Seattle aliona kwamba prazosini, dawa ya zamani ya presha, inawapunguzia maveterani majinamizi. Tafiti ndogo zikaunga mkono, dawa ikasambaa nchi nzima. Mwaka 2018 yeye na wenzake wakachapisha utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 304 katika hospitali 13 za VA, na prazosini haikukishinda kidonge kitupu kisicho na dawa. Mdogo wangu aliinywa na anaapa ilimfaa. Sibishani na usingizi wa mtu. Lakini daktari anayechapisha jibu linalompinga mwenyewe, huyo namvulia kofia.

4. Ukinyimwa dawa fulani, usikimbilie kusema wanabagua

Katika jamii yetu tuna sababu za kuwa na shaka, sikatai. Ila aliponyimwa vidonge vya jamii ya Valium vya kutumia nyumbani, haikuwa ubaguzi. Mwongozo unakataza kuvitumia kwa PTSD: vinatuliza leo, vinajenga uraibu wa pili, na vinaidhoofisha ile tiba ya mazungumzo. Vikichanganywa na pombe vinazima pumzi. Bangi nayo mwongozo unaikataa kwa PTSD, ingawa Washington tuliihalalisha kwa kura mwaka 2012 na duka lake liko jirani na kinyozi wetu.

Waliokamatwa na unga au vidonge vya maumivu wana buprenofini na methadoni. Mtu wa Pwani atakuwa ameisikia methadoni kupitia kliniki ya Malindi. VA hugawa bure naloksoni ya kupuliza puani, inayomrudisha aliyezidiwa na dawa hizo, na kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo iwe nayo kwenye droo. Kokeini na meth hazina kidonge chake. Kwa hizo VA ina mpango tangu 2011: mkojo wako ukiwa safi unachota karatasi kwenye bakuli, na karatasi nyingine zina kuponi ya kununulia vitu kantini. Nilipomweleza mama kwa simu alicheka sana. "Kumbe wanalipwa ili waache?" Ndiyo, mama. Na tafiti zinaonyesha inasaidia.

5. Karatasi ni sehemu ya matibabu

Fomu ya DD-214 ndiyo inayoonyesha mtu alitumikia wapi na aliachishwaje. Itoe nakala nyingi, uzitawanye kwa ndugu. Walevi hupoteza karatasi.

Neno linaloangaliwa zaidi hapo ni aina ya kuachishwa. Aliyetoka kwa heshima milango imefunguka. Aliyetolewa kwa utovu wa nidhamu hujiona hana haki yoyote, na hapo kuna mzunguko wa kikatili, kwa sababu mara nyingi utovu wenyewe, ulevi, kuchelewa, kumtukana sajini, ulikuwa dalili ya ugonjwa. Asikate tamaa kabla ya kuuliza. Sheria ya 2018 iliwafungulia huduma za afya ya akili wengi wa walioachishwa vibaya lakini walipigana au walidhalilishwa kingono. Na tangu agizo la waziri wa ulinzi Chuck Hagel la mwaka 2014, bodi zinazorekebisha kumbukumbu za kijeshi zinatakiwa kumtazama kwa huruma mwombaji mwenye PTSD. Vet Center nao wanaweza kumpokea.

Halafu kuna fidia. VA haimlipi mtu kwa kuwa mlevi, inauhesabu ulevi kuwa kosa lake mwenyewe. Lakini mahakama ya rufani iliamua mwaka 2001 kwamba ulevi uliozaliwa na ugonjwa uliotokana na jeshi, kama PTSD, unaweza kuingizwa katika hesabu ya ulemavu. Kwa hiyo mpangilio wa maelezo una uzito. Daktari anayeandika "mgonjwa ana PTSD na pia anakunywa" na yule anayeandika "mgonjwa anakunywa kwa sababu ya PTSD" hawajaandika kitu kimoja.

Msijaze madai peke yenu. Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina watu walioidhinishwa wanaosaidia bila malipo. Wako wengine wanaopiga simu wakiahidi asilimia kubwa ya ulemavu kwa ada. Kata simu.

6. Ongea kuhusu bunduki kabla ya kuongea kuhusu hisia

Hili ni fupi. Mwaka 2022 maveterani 6,407 walijiua Marekani, karibu robo tatu yao kwa bunduki. Mtu aliyemeza vidonge ana nafasi ya kuokolewa. Wa bunduki ni nadra kuipata. Na wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita baada ya muda mfupi, mradi silaha isiwe karibu. Nilimwuliza mdogo wangu moja kwa moja iko wapi. Alikasirika, kisha akampa rafiki yake wa kikosi amtunzie. VA hugawa kufuli za bunduki bure, hawaulizi maswali mengi.

Namba ni 988, ikipokewa bonyeza 1. Ni saa zote, na dada au mama anaweza kupiga kuomba ushauri kwa niaba ya mwingine. Tangu Januari 17, 2023, veterani aliye karibu kujiua anaweza kuingia hospitali yoyote ya dharura, ya VA au isiyo ya VA, hata kama hajajisajili popote, na serikali ikabeba gharama: hadi siku 30 za kulazwa na 90 za kuhudhuria kliniki. Wengi wanaotimiza masharti hawajui, wanaogopa bili.

7. Mwenye kadi ya kijani asikiri kosa kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji

Mwaka 2008 jaji Robert Russell wa Buffalo, New York, alifungua mahakama ya maveterani ambayo majimbo mengi yaliiga. Veterani aliyeshtakiwa kwa kosa linalotokana na ulevi au dawa hapelekwi jela. Anawekwa kwenye matibabu, anapimwa mkojo, anaripoti kwa jaji, na anapewa veterani mwenzake wa kujitolea wa kumshika mkono. Akimaliza vizuri, shtaka hupunguzwa au kufutwa. Nimekaa kwenye viti vya nyuma vya mahakama ya namna hiyo. Mdogo wangu alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, na sijawahi kuona jaji akimpigia mshtakiwa makofi kama nilivyoona pale.

Lakini yeye tayari alikuwa raia. Kijana mwingine tunayemfahamu hakuwa. Alidhani kuvaa sare ndiko kupata uraia, kumbe ni lazima ujaze maombi, ule kiapo. Alikutwa na vidonge visivyo vyake. Alipewa nafasi kama hiyohiyo, kwa sharti kwamba akiri kwanza, kisha shtaka litafutwa akimaliza matibabu. Katika macho ya jimbo ni safi. Katika macho ya sheria ya uhamiaji, ukikiri na mahakama ikakuwekea masharti, hiyo ni hatia, na inabaki hatia hata shtaka likifutwa baadaye. Na hatia ya dawa za kulevya inaweza kumfukuza nchini mwenye kadi ya kijani.

Si jambo la kufikirika. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam na akaishi huku miaka zaidi ya 40 akiwa na kadi ya kijani. Alipokamatwa Kentucky akisafirisha bangi kwenye lori lake, wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, amekaa muda mrefu. Akakiri, na njia ya kufukuzwa ikawa nyeupe. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2010 iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja madhara ya kiuhamiaji kabla hajakiri. Wako maveterani waliofukuzwa kweli, na mwaka 2021 serikali ilianzisha mpango wa kuwasaidia baadhi yao kurudi. Njia rahisi ni kujaza maombi ya uraia ukiwa bado jeshini.

8. Mama anayesikiliza kutoka Mombasa naye ana uchungu wake

Mama alitaka aombewe. Mimi sina ugomvi na maombi, ila nilimwomba mchungaji mambo mawili: asimwambie aache dawa, na asimuulize mbele ya watu kama aliua. La pili lilimshangaza. Hakuna swali linaloulizwa zaidi na watu wetu, hata kwenye harusi.

Ipo sehemu ya maumivu ambayo daktari haifikii vizuri. Jonathan Shay, tabibu wa akili aliyewatibu maveterani wa Vietnam huko Boston, aliandika kitabu mwaka 1994 akieleza jeraha la dhamiri. Mwenye jeraha hilo anaweza kuwa haogopi tena, ila anajishtaki. Kwa mdogo wangu ilikuwa amri ya kutosimamisha lori kwa sababu yoyote, na kuna siku hakusimama. Tiba ya mazungumzo ilimsaidia kuitazama siku hiyo. Aliyemsaidia kuibeba ni kasisi wa hospitali ya VA, mtu wa dhehebu tofauti kabisa na letu. Makasisi hao ni sehemu ya timu ya matibabu, hawangoji mtu awe mahututi.

Kuhusu kujiua mama hakutaka hata neno litamkwe. Namwelewa. Kenya, jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kinyume cha katiba Januari 2025. Mtu wa rika lake alikua akijua kwamba mgonjwa wa namna hiyo huitiwa polisi. Ilibidi nimweleze mara nyingi kwamba ukimwuliza mtu kama anafikiria kufa humtii wazo kichwani.

9. Badilisha mtaa, au angalau badilisha Ijumaa

Mwaka 1971 Marekani iliingiwa na hofu. Askari wengi walikuwa wanatumia heroini Vietnam, na Rais Nixon akaamuru wapimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia waliorudi, alikuta takriban mmoja kati ya watano alikuwa amenaswa kule, lakini ni wachache sana kati yao waliorudia uraibu katika mwaka wao wa kwanza nyumbani. Wenzake hawakumwamini. Kilichobadilika ni msitu, woga, uchoshi, na marafiki wa kuvuta nao.

Kwa mdogo wangu ilikuwa kinyume: kule vitani pombe ilikatazwa, hapa ndipo alipoipata, kila Ijumaa kwenye nyumba ya nyama choma ya wenzetu. Nyama ilikuwa kisingizio. Tulihamisha Ijumaa yake kwenye uwanja wa gofu wa maveterani pale American Lake, karibu na hospitali, uwanja uliokusudiwa hasa kwa waliojeruhiwa. Mkenya wa Changamwe na fimbo ya gofu! Anacheza vibaya mno, na anarudi nyumbani na harufu ya majani.

10. Akirudi nyumbani, matibabu yanaweza kumfuata

Sasa anazungumzia kurudi Mombasa, na kwa muda mrefu nilikuwa napinga kwa kudhani atapoteza kila kitu. Fidia ya ulemavu hulipwa hata ukiishi nje. Na VA ina mpango wa matibabu ya nchi za nje, unaolipia ugonjwa uliothibitishwa kuwa umetokana na utumishi, popote ulipo. PTSD yake imethibitishwa, na ulevi umeunganishwa nayo kwenye faili, kwa hiyo daktari wa akili wa Mombasa anaweza kumtibu na Marekani ikalipa, au yeye akalipa kisha akarudishiwa. Malaria na meno atajilipia, hayo hayakutoka jeshini. Sindano ya naltreksoni sijui kama ataipata kule kwa urahisi, kwa hiyo amekubaliana na daktari wake ajaribu vidonge akiwa bado yuko hapa, tuone.

Fomu ya kujisajili ameshaituma. Kilichobaki ni kumpata daktari atakayekubali kuandika ripoti na risiti zinazomridhisha karani wa Marekani, kila mwezi, bila kuchoka. Mama anasema kazi hiyo tumwachie yeye, ameshaanza kuwapigia simu.